Mlango wa Zuleikha Wavuka Feri

Mimi Kafedha sijawahi kumaliza kitu. Sisemi kwa kutaka kuonewa huruma. Nasema kama vile mtu anavyosema yeye ni mfupi. Shule niliiacha darasa la saba, baba alipougua, mtihani umebaki mwezi. Kiwanda cha nguo kule Changamwe kilifunga milango wiki mbili kabla mkataba wangu kutimia. Mume alinioa, akanijengea nyumba ikafika kwenye linta, kisha akaondoka asubuhi moja kwenda kununua mabati. Huu mwaka wa kumi na moja. Nadhani anayachagua kwa makini.

Kwa hivyo msinicheke nikisema moyo wangu ulidunda wiki tatu nzima kwa ajili ya kipande cha kadibodi kisichozidi ukucha wa gumba.

Nauza viazi karai Kongowea, nyuma ya soko, ubavuni mwa stoo ya Zuleikha. Zuleikha anauza mitumba ya vichezeo: midoli yenye jicho moja, magari ya plastiki yaliyopoteza magurudumu, na mifuko ya pazo. Pazo ni picha kubwa iliyobandikwa kwenye kadibodi ikakatwakatwa vipande mamia, kila kimoja na pua yake na masikio yake, na kazi yako ni kuvirudisha vyote mahali pake mpaka picha iamke. Sisi twaviita vipande, basi. Miaka miwili iliyopita Zuleikha alifungua mfuko mmoja ahakikishe vimetimia kabla ya kuuza. Mfuko ule haukuuzwa tena, na sisi hatujapona mpaka leo.

Tuko wanne. Zuleikha, mwenye stoo. Mzee Ngala, aliyehesabu makontena bandarini miaka thelathini na sasa hagusi kipande ila kiwe cha ukingoni. Dancun, wa mkokoteni, aliyeteremka kutoka Kinangop na lori la viazi akasahau kurudi. Na mimi. Kila siku baada ya alasiri tunakutana stooni, tunauzunguka mlango. Ndiyo, mlango: wa mvule, mpana, ulitoka kwa marehemu mamake Zuleikha kule Junda. Tumeulaza juu ya kreti za soda na ndiyo meza yetu. Na kipande kikipata mwenzake, kikisema *tk*, mkono mzima husisimka. Dancun ana kilo tisini za misuli, lakini kikisema *tk* hucheka kama mtoto anayeogeshwa.

Sasa sikieni desturi yetu. Anayeweka kipande cha mwisho hupigiwa vigelegele na jina lake huandikwa kwa chaki kwenye mbao za ukuta wa stoo. Zuleikha yuko pale mara tisa. Mzee Ngala saba. Dancun tano. Kafedha hayuko hata mara moja, na Kafedha ndiye mwenye jicho kali kuliko wote! Sababu ni karai. Kila pazo likifika vipande kumi vya mwisho, watoto wanatoka madrasa, foleni inakuwa ndefu, mafuta yanachemka, mtu anapiga kelele "Mama viazi!" Nikirudi nakuta watu wanapiga vigelegele.

"Pole shoga," Zuleikha huniambia. "Lakini viazi vilitoka vizuri?"

Basi nikaapa. Pazo lijalo cha mwisho ni changu, hata soko liungue.

Pazo lenyewe lilikuwa la mfuko mkubwa, vipande elfu moja. Picha yake hatukuwa tunaijua, maana Zuleikha maboksi huwa anayatupa siku ile ile anayofungua mzigo. "Boksi linakula nafasi," husema, "na kina mama wa nyanya wanalitaka la kutandika kwenye kreti." Kwa hivyo sisi hucheza gizani, na ndiyo raha yake. Wiki ya kwanza likatoka anga la kijivu. Likafuata paa lenye kitu cheupe juu yake.

"Chumvi," alisema Mzee Ngala.

"Chumvi juu ya nyumba, Mzee?"

"Wanaanika."

"Hiyo ni theluji," Dancun akasema. "Kwetu baridi ikishika, asubuhi nyasi inakaa hivyo hivyo."

Kisha ukatoka mnara, na juu ya mnara uso wa saa, wa duara, wenye namba zake zote kumi na mbili. Katikati ya ule uso palikuwa na tundu la kipande kimoja. Na kile kipande, chenye mishale miwili myembamba kama nyuzi, kilikuwa mkononi mwangu.

Wallahi sikupanga. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilijifanya napangusa jasho, nikakifunga kwenye pindo la leso yangu, mafundo mawili, pale ninapofunga sarafu. Nikajiambia: watafute wee, wachoke, kisha mimi nitainama chini ya kreti, niseme "Jamani, si hiki hapa?" Na jina langu litapanda ukutani.

Lakini pazo lile lilikuwa na ugonjwa mwingine. Mzee Ngala alimaliza ukingo wa juu, akamaliza wa kulia, wa kushoto, kisha akakaa kitako akishika kiuno.

"Kontena lina pembe nane," alisema. "Picha ina pembe nne. Mimi hapa nazihesabu mbili."

"Hesabu tena, baba."

"Nimehesabu makontena miaka thelathini, Zuleikha. Hii picha haina chini. Mmeniletea picha iliyokatwa miguu!"

Kweli. Vipande vilikuwa vimekwisha mfukoni, na chini ya picha palikuwa na meno matupu, paa na mnara vikining'inia hewani. Tukafagia stoo. Tukapekua midoli. Zuleikha alinikagua mpaka kwenye unga wa viazi. Tundu la saa nalo wakalihesabu na mengine yaliyopotea, mimi nikiunga mkono: "Haki ya Mungu, vimekwenda wapi?"

Alhamisi simu ya Zuleikha ikalia. Alikuwa Mwanatabu wa Likoni, fundi cherehani, mteja wake wa mitumba, na mkuu wa kikundi cha vipande cha ng'ambo ile. Mwanamke huyu hajambo kwa maneno. Alituma sauti, tukaisikiliza wote kando ya karai langu, tumeinamia simu kama wanaoota moto.

"Asalam alaykum watu wa Kisauni. Nasikia mwatafuta pembe. Huku kwetu pembe tunazo mbili, tena za chini, zimekaa kama maharusi. Juu ndiko hatujapaona. Lakini juu ni kwa Mungu, twaharakia nini?"

Ikafuata picha. Soko! Watu wamevaa makoti mpaka masikioni, wanauza kabichi, mbwa amekaa karibu na gari la mkono. Nyuma yao, kwenye ukingo wa juu wenye meno, miguu ya mawe ya mnara. Mnara wenyewe haupo.

Nilipiga kelele mpaka kiazi kikaanguka kwenye karai, mafuta yakanirukia.

"Wao wana mnara usio na kichwa! Sisi tuna kichwa kisicho na mnara!"

Tukamgeukia Zuleikha pole pole, wote watatu.

"Lile boksi," Mzee Ngala alisema, "ndani lilikuwa na mifuko mingapi?"

"Miwili."

"Na ukauza mmoja Likoni."

"Mifuko miwili, mapazo mawili!" Zuleikha alijitetea. "Kwani ningejuaje?"

"Boksi lingekuambia. Boksi lilikuwa na picha."

"Boksi limekwenda mtaa wa Ziwa la Ng'ombe na nyanya."

Hatukumgombeza sana, maana furaha ilikuwa imeshatupanda. Vipande elfu mbili! Hakuna aliyewahi kuona pazo la elfu mbili, huku wala ng'ambo. Zuleikha akampigia Mwanatabu, wakarushiana maneno nusu saa, wakakubaliana Jumapili. Meza ya Mwanatabu ya kukatia nguo imepigiliwa misumari sakafuni, haiendi popote. Mlango wetu hauna misumari.

"Basi leteni kichwa," alisema Mwanatabu. "Sisi mwili tunao. Na atakayeweka cha mwisho, jina lake litaandikwa kwa rangi nyuma ya huo mlango, si kwa chaki. Mwaijua rangi nyinyi, au mwaandika kwa makaa?"

Kwa rangi! Usiku ule sikulala vizuri. Jumamosi nilifua leso zangu zote kwa haraka, maana Likoni huendi na harufu ya mafuta ya karai, na Jumapili asubuhi nikajifunga ile iliyo nzuri, nikapapasa pindo. Fundo lipo. Kitu kimo ndani. Alhamdulillahi.

Tuliufunika mlango kwa ubao mwepesi juu ya vipande, tukaufunga kwa mipira ya baiskeli, tukaupandisha kwenye mkokoteni wa Dancun, tukautandikia leso juu ili vumbi lisiingie. Zuleikha akaambiwa akae juu.

"Mimi ni mtu mzima!"

"Ndiyo sababu," nikamwambia. "Darajani pana upepo. Uzito wako leo una kazi, mamangu."

Akapanda, akafungua mwavuli. Tukashika njia, Mzee Ngala mbele akipunga kofia, "Njia! Njia!", Dancun kwenye mikono ya mkokoteni, mimi nyuma nikisukuma. Darajani Nyali upepo ulivuma mwavuli ukageuka bakuli. Zuleikha akalala kifudifudi juu ya mlango akaukumbatia. Wanafunzi waliokuwa wakipita walisimama kutazama. Mmoja aliuliza anapelekwa hospitali gani.

"Ni mzima," nikasema. "Anaatamia."

Feri ndiyo ilikuwa kazi. Zuleikha alishuka, akabaki pembeni anapangusa uso kwa mtandio, amechoka. Sasa tazama walichokiona watu: mkokoteni, kitu kirefu kimefunikwa leso na kufungwa, mzee amevua kofia anajipepea, mwanamke anapangusa uso. Kelele za feri zikatulia. Mwanamume mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Inna lillahi." Watu wakaanza kutupisha. Mama mmoja akamshika Zuleikha bega: "Subira, mwanangu."

Mzee Ngala akafungua mdomo aeleze. Nikamkanyaga kidole.

"Tutapita mbele, Mzee," nikamnong'oneza. "Nyamaza."

Dancun naye akainamisha kichwa, mabega yakimtetemeka. Watu walidhani analia. Tukawa wa kwanza kushuka ng'ambo, na tulipofika juu ya mteremko Dancun aliacha mkokoteni akakaa chini akacheka mpaka machozi.

"Kafedha, wewe utaenda jehanamu."

"Nitakwenda na mnara wangu."

Mwanatabu alikuwa mlangoni pa duka lake, mwembamba, miwani kwenye ncha ya pua, tepu ya kupimia shingoni. Nyuma yake kijana wake wa kushona, Anwar, na majirani kumi hivi.

"Shikamoo, Mzee," akamwamkia Ngala kwa heshima zote, akaitikiwa. Kisha akatugeukia sisi. "Karibuni. Naona mmeleta na kitanda, mlidhani mtalala?"

"Tumeleta kichwa," nikamjibu. "Nasikia huku ndicho mlichopungukiwa."

Alicheka akanishika mkono hauachi, na tangu hapo nikajua huyu ni mwenzangu, na ni hatari.

Kazi ya kuunganisha ilichukua saa nzima. Mlango ulikuwa chini kuliko meza kwa nusu inchi, tukauinua kwa vitambaa vilivyokunjwa, kimoja kimoja, Mzee Ngala akipiga magoti jicho likiwa usawa na ukingo. "Bado unywele. Bado. Hapo!" Tukaanza kusukuma mlango, watu wanane tukishika pumzi. Meno ya juu yakakaribia meno ya chini. *Tk.* Kisha *tk, tk,* kisha mfululizo kama mvua inavyoanza juu ya bati, kutoka kushoto mpaka kulia, na mnara ukasimama kwa miguu yake mwenyewe.

Nyumba ililipuka! Vigelegele, makofi, Anwar anapiga meza ya cherehani kama ngoma. Soko zima likaonekana, kabichi mpaka mawingu. Zuleikha analia machozi ya kweli safari hii. "Kumbe ni Kongowea ya baridi," alisema.

Yakabaki matundu mawili. La mishale ya saa juu mnarani. Na jicho la mbwa.

"Vimebaki kwenu," alisema Mwanatabu.

"Vyetu vyote tumeleta. Vimebaki kwenu."

Watu wakaanza kutafuta chini ya meza. Mimi nilikuwa nimeshika pindo la leso. Nikainua macho nikamwona Mwanatabu hatafuti. Amesimama wima, mkono mmoja umetulia kifuani, ndani ya gauni, pale wanawake tunapoweka siri. Naye ananitazama mkono wangu.

Tukatabasamu.

Nilielewa yote kwa mara moja, na yeye pia. Ana jicho la mbwa. Nina mishale ya saa. Atakayetoa kwanza ataweka cha kabla ya mwisho. Cha mwisho kitakuwa cha mwenzake.

"Tafuta, dada Kafedha," akasema taratibu. "Mbona umesimama?"

"Nakutazama wewe unavyotafuta, nijifunze."

"Mimi kiuno kinaniuma."

"Mimi goti."

"Nyinyi wawili mna nini?" Zuleikha akauliza. Shule mwezi mmoja, mkataba wiki mbili, nyumba mpaka linta. Na sasa kipande kimoja, jamani, kimoja! Nikaazimia nitasimama pale mpaka mbwa yule abweke. Vidole vyangu vikazidi kulibinya fundo, na hapo ndipo nilipohisi kitu.

Unyevu.

Jumamosi. Ndoo. Sabuni. Leso *zote*.

Nikalifungua fundo mbele ya watu, sikujali tena. Kilichotoka kilikuwa kimevimba kama andazi. Karatasi ya juu imebanduka, imebaki ndani ya leso ikiwa ukurutu. Kadibodi tupu, nyeupe, bila mshale hata mmoja.

Mzee Ngala akang'aka: "Wiki tatu! Wiki tatu nikitambaa chini ya kreti na magoti yangu haya!"

"Nisameheni," nikasema. Nilitaka kutia mzaha na mzaha ukakataa kuja. "Nilitaka jina langu, basi. Nimekificha, na nimekifua. Hata kuiba sikumaliza."

Kicheko kilitoka kwa Mwanatabu. Alicheka mpaka miwani ikaanguka, akashika meza, akaingiza mkono kifuani akatoa jicho la mbwa, kavu, safi.

"Mamangu weee! Mimi huficha kimoja kila pazo! Mnadhani nimeandikwa mara kumi na nne kwa sababu ya akili?"

"Mara kumi na nne!" Anwar akaruka. "Bi Mwanatabu! Mimi nimekuwa nikifagia usiku nikitafuta!"

"Na duka limekuwa safi, mashallah. Nyamaza utie makaa kwenye pasi."

Kisha akanitazama, bila kucheka. "Wewe mara ngapi?"

"Sifuri."

Aliinama akamwekea mbwa jicho lake. *Tk.* Likabaki tundu moja katika vipande elfu mbili, na hilo tundu lilikuwa langu.

Akachukua kipande changu, akakiweka kati ya vitambaa viwili, akashusha juu yake pasi ya makaa, akabonyeza. Mvuke ukatoka. Akageuza, akabonyeza tena. Watu wamejikusanya wanatazama kama anazalisha. Akanyoa ukingo uliochanua kwa mkasi mdogo wa vifungo, akanipa kikiwa bado cha moto.

"Mishale haipo," nikasema.

"Kwani wewe huna mkono?" Akanipa kalamu.

Nikageuka. "Saa ngapi sasa?"

Dancun akatazama simu. "Saa kumi na moja kamili."

Nikachora. Mshale mfupi kwenye tano, mrefu kwenye kumi na mbili. Nikainama juu ya mnara. Kilikataa mara ya kwanza. Nikakigeuza unywele mmoja, nikakandamiza kwa gumba.

*Tk.*

Vigelegele vile mpaka leo navisikia. Zuleikha alinikumbatia miguu ikanyanyuka, na Mzee Ngala, aliyekuwa ameapa kutosema nami mpaka Ramadhani, alikuwa wa kwanza kudai brashi. Tuliihamishia picha yetu mezani kwa ujanja mwingine mrefu, tukaugeuza mlango, na Anwar akaandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa za kibao cha duka: KAFEDHA.

Nilizitazama herufi zote saba mpaka ile A ya mwisho. Hakuruka hata moja.

"Mtarudi na mlango vipi?" Mwanatabu akauliza. "Feri saa hizi imejaa."

Dancun alishatandika leso juu ya mlango. Mzee Ngala alikuwa ameshavua kofia.

"Zuleikha," nikasema, "pangusa uso."